Nyekundu Inasukuma, Nyeupe Inavuta

Asifiwe wangu,

Nakuandikia ukiwa bado kanisani, kwaya inakuaga. Nasikia ngoma hadi hapa mlangoni. Mchungaji wetu akishika maikrofoni haiachii upesi, basi nina nafasi ya kutosha. Nitaiweka barua hii chini ya mto wako uisome kabla hujalala, maana ina neno ninalotaka uwe nalo kabla basi la safari halijaja kesho asubuhi.

Sitakuambia habari za koti. Koti umeshaambiwa na kila mwanamke wa kambi hii ya Dzaleka, hata na wale ambao baridi kali kuliko zote walizowahi kuziona ni ya mwezi wa sita hapa Dowa. Sitakuambia usali, ule, ulale mapema. Hayo umeyasikia tangu ukiwa mgongoni mwangu. Nataka kukuandikia juu ya magari. Najua utacheka, kwa sababu mama yako hajawahi kuendesha hata baiskeli ya kabaza, ya kubebea abiria. Lakini magari nayajua kwa ndani, kwa upande wa sindano, na kuna jambo juu yake ambalo nimelichelewesha.

Jana, wageni walipokuwa wamejaa mkekani, mjomba wako alikuuliza utafanya nini na mshahara wako wa kwanza huko Kanada, ukimaliza masomo. Ulijibu bila kufikiri, na uso wako ukawa wa miaka ile ya Lilongwe.

“Nitanunua gari ya michezo, ya milango mibili, ile ya kusukuma na nyuma. Kama ile nyekundu ya Papa.”

“Gari ya nini?” mjomba wako akasema. “We njo utatuvuta! Uvute kwanza mama yako, uvute Heri mudogo wako, kisha utukumbuke na siye.”

Wote wakacheka, wakaanza kupanga nani atavutwa kwanza. Unajua neno hilo linavyotumika hapa kambini, kuvuta ni kuwaleta wenzako huko ulikofika. Mtu akipata ndege, kesho yake ameshakuwa kamba, na kila mtu anatafuta pa kuishika. Na mimi nikacheka nao. Nikasema kwa sauti kubwa ili majirani wasikie, “Atatuvuta bote, huyu haiko mutoto wa kusahau bantu.” Wewe ukainuka, ukachukua beseni la maji ya kunawa ukatoka nalo nje, na maji yenyewe yalikuwa hayajatumika. Nilikuona.

Leo asubuhi, nikisonga nsima, ukaniuliza bila kunitazama: “Mama, na kama sitaweza kubavuta? Nitarudia hapa na sura gani?” Nikajifanya moshi umeniingia machoni. Tangu asubuhi nimelitafuta jibu lako, na nimelikuta mahali ambapo hata wewe ungeshangaa, kwenye gereji ya Achimwene.

Utamkumbuka Achimwene, yule Mmalawi mwenye gereji kule Area 25 ya Lilongwe, upande wa kwenda Kanengo. Jina lake la kweli hatukulitumia kamwe. Alimwita Papa wako achimwene, yaani ndugu, Papa naye akamrudishia jina hilo hilo, likabaki. Wakati ule tulikuwa tunaishi mjini, kabla hatujaambiwa wakimbizi wote warudi kambini. Papa wako alikuwa fundi wa magari tangu kwetu Bukavu, nami nilikuwa fundi cherehani. Achimwene alinipa kona ya kuweka cherehani yangu, nikawa nashona viti vya magari na kukata mazulia yake. Msimu wa tumbaku harufu ya maghala ya Kanengo iliingia hadi kwenye nyuzi. Mpaka leo nikiisikia harufu hiyo natafuta mkasi.

Miaka hiyo vijana wa Lilongwe waliopata pesa kidogo walikuwa wanaagiza magari ya michezo yaliyokwisha kutumika Japani. Si yale ya matajiri. Ni yale ya bei ya kuungaunga, milango miwili, viti vya chini kama vigoda, kelele nyingi kuliko mwendo. Kwangu yote yalikuwa sawa, mpaka nilipoanza kuyakatia mazulia. Mengine sakafu yake ilikuwa karibu tambarare, zulia ukilitandika linalala. Mengine yalikuwa na nundu katikati, kutoka mbele hadi nyuma, na zulia linakataa kabisa. Niliharibu kitambaa kizuri nikalaani Wajapani, Papa wako akaja akicheka, akapiga magoti karibu yangu.

“Hapo chini njo kunapita shafti,” akasema, akanishika mkono akauweka juu ya nundu. “Moteri iko mbele, lakini nguvu inaenda nyuma. Mapine ya nyuma njo inasukuma gari. Ile ingine haina shafti ya murefu. Nguvu inabakia kule kule mbele, inavuta. Njo maana chini iko sawa.”

Basi hiyo ndiyo elimu yangu yote ya magari. Ile yenye nundu inasukuma, ile isiyo na nundu inavuta.

Achimwene alikuwa na gari lake jeupe, la kuvuta. Papa wako alikuwa amependa jekundu, la kusukuma, ambalo mteja mmoja alikuwa amelibamiza nyuma akalitelekeza gerejini. Juu ya hayo mawili walibishana kila siku, kazini na kwenye chai. Mimi nilishona nikiwasikiliza. Achimwene alisema nyeupe ni nyepesi, haili petroli sana, vipuri vyake viko kila mahali, na ukiingia kwenye kona kwa pupa pua yake inakwenda nje kidogo, unaondoa mguu, inarudi. Haimuui kijana mjinga. Nyekundu, kijana mjinga akikanyaga mafuta katikati ya kona, mkia unakuja mbele kumsalimia. “Iwe, wewe,” akamwambia Papa kwa kile Kiswahili alichokiokota kwetu, “yangu mvua ikinyesha inaenda nyumbani. Yako ikiona maji inacheza ngoma.”

Papa wako hakukubali hata siku moja. Alimpeleka Achimwene mbele ya nyeupe, akamwonyesha matairi. Ya nyuma yalikuwa bado na meno yake yote. Ya mbele yalikuwa yameisha, laini kama kipara.

“Ona haya maskini,” akasema. “Yanabeba moteri, yanaongoza, yanavuta. Kazi yote ni yao. Ya nyuma yanafuata tu, kama bageni. Kwa ile nyekundu kila mutu iko na kazi yake. Ya mbele inaongoza, ya nyuma inasukuma. Njo maana ukishika volan yake na mikono, ukikata kona, unaisikia iko huru.”

Siku ile nilicheka. Nilisema hata matairi yamepata wakili. Sikujua kwamba neno lile la “yanaongoza, yanavuta” nitalikumbuka nikikutazama wewe.

Ngoja kwanza nikukumbushe siku ya tope, maana ulikuwepo ukiwa na gauni la njano. Achimwene alitupa lifti kwa ile nyeupe kuja Dzaleka kwenye harusi, wakati bado tunaishi mjini. Mvua ilikuwa imenyesha, na kwenye kale kamlima baada ya kuacha lami gari likaanza kuteleza. Papa wako akaruka nje kama jenerali. Bukavu kwenye vilima vyetu, gari likikwama, watu wanapanda nyuma, wanakaa juu ya buti, uzito unashuka kwenye magurudumu yanayofanya kazi, gari linapanda. Ndivyo alivyojua tangu utoto. Akatupandisha nyuma, mimi na kitenge changu kipya, wewe, na wapita njia wawili wanene. Gari likazidi kushindwa. Magurudumu ya mbele yalizunguka bure, pua ikainuka, tukaishia mtaroni, gauni la njano likawa kahawia.

Achimwene alitazama yote hayo mikono kiunoni. Kisha akaniomba samahani kwa upole, “Pepani amayi, shukeni.” Tukalitoa gari mtaroni, akaligeuza, akaweka gia ya kurudi nyuma, akapanda kile kilima kinyumenyume, taratibu, na gari likapanda. Tuliingia kambini mgongo mbele, watoto wakitukimbilia wakishangilia, na Papa wako ameficha uso kwenye kofia. Alikuwa ameweka uzito mahali ambapo hapana nguvu, kwa sababu kwao ndivyo ilivyofanywa. Kitu kilichotuokoa Bukavu ndicho kilichotuangusha mtaroni Dowa. Nimelifanya kosa hilo hilo mara nyingi tangu siku ile, bila gari.

Papa alilitengeneza lile jekundu kidogo kidogo, jioni baada ya kazi, mpaka likawa letu. Mkia aliunyoosha kwa nyundo. Mimi nilishona viti, kitambaa chekundu chenye mshono mweusi, na ile nundu safari hii niliivalisha zulia vizuri mpaka Achimwene mwenyewe akapiga mluzi. Staata tu ndiyo ilikuwa imekufa, na hatukupata nyingine. Kila asubuhi ilibidi lisukumwe ili liwake. Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Nilikushonea mto wa kitambaa kile kile ili macho yako yapite juu ya usukani. Wewe uliketi ndani, mguu kwenye klachi, gia ya pili, mimi na Papa tukasukuma. Yeye akipiga kelele unaachia klachi, gari linakohoa, linawaka, unakwenda hadi kwenye mti wa mjakaranda mwisho wa njia, unazunguka, unarudi kwetu ukiwa umetabasamu meno yote nje.

Sheria ilikuwa moja, na Papa aliiimba kila asubuhi: “Ikiwaka, enda! Usisimame, enda!” Maana ukisimama kumngoja aliyesukuma, injini inazima, na kazi yote imekwenda bure. Anayesukuma anabaki barabarani. Ndiyo kazi yake.

Siku moja liliwaka, ukaenda kidogo, ukasimama. Injini ikazima. Mimi nilikuwa nimechelewa na kazi ya mteja, jasho linanitoka, nikaja dirishani nikakufokea mbele ya njia nzima. Nilikuambia huna akili, nilikuambia kuku wangu wana akili kuliko wewe. Ulikuwa umeshika usukani kwa mikono miwili, machozi yanashuka. Ukasema, “Mama, Papa amebakia chini.”

Nikageuka. Papa wako alikuwa amechuchumaa katikati ya njia, mkono mmoja kifuani, mwingine ardhini. Wewe ulimwona kwenye kioo. Mimi nilikuwa naye bega kwa bega nikisukuma naye, na sikumwona.

Yeye aliinuka, akajipangusa, akacheka, akasema ni chai ya moto aliyoinywa haraka. Nikamwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Lakini ilikuwa moyo, na mwaka ule haukuisha yeye akiwa hai. Sitaandika habari za hospitali. Ulikuwepo. Wewe ndiwe uliyesema na madaktari kwa Kiingereza, na wauguzi kwa Kichewa, kwa sababu mimi nilikuwa nimebaki na Kiswahili na machozi tu. Mtoto wa darasa la saba ndiye aliyeambiwa na daktari kwamba hakuna la kufanya, kisha akatafuta namna ya kumwambia mama yake. Sijawahi kukuuliza ulifikiri nini pale kwenye korido, kabla hujaja kuniambia. Nimeogopa jibu.

Kisha tukaambiwa turudi kambini, tukaiuza nyekundu. Aliyeinunua alikuja na gari jingine na kamba, akaivuta. Ulisimama mlangoni ukasema, “Hii gari haivutwake, inasukuma.” Nikakuambia unyamaze.

Sasa nifike ninapokwenda. Tangu Papa aondoke, Asifiwe, nyumba hii imekuwa ile gari nyeupe, na wewe ndiwe umekuwa magurudumu ya mbele. Ofisi ya wakimbizi ulikwenda wewe. Foleni ya chakula ulisimama wewe, na daftari la shule kwapani. Heri alipougua malaria wewe ndiwe uliyekesha, asubuhi ukaenda kufanya mtihani. Nilipotaka kuuza cherehani wewe ndiwe uliyesema hapana. Uliongoza na ukavuta na ukabeba injini, na mimi nilifuata nyuma kama mgeni nikisifiwa na watu wa kanisa kwa malezi mema. Moyo uliniuma wakati ule, nakuambia leo. Lakini ilikuwa rahisi kwangu, na mtu huzoea kilicho rahisi. Nilikuwa nimekaa juu ya buti, nadhani nasaidia.

Umechaguliwa kwenda kusoma Kanada kwa sababu ulisoma ukiwa umechoka. Na jana mbele ya wageni, badala ya kusema mwacheni mtoto apumue, mama yako alikufunga kamba nyingine.

Basi jibu la swali lako la asubuhi ni hili. Usipotuvuta, utarudi hapa na sura yako hiyo hiyo, na mimi nitaipokea kwa mikono miwili. Na usiporudi, nitaipenda ukiwa nayo huko huko. Kesho pale barabarani watakuwepo wote, mjomba wako akiwa mbele na koti lake la harusi. Nitawaambia kwa mdomo ule ule uliosema jana: huyu haendi kutuvuta, anaenda kusoma. Watanuna. Mjomba wako atasema nimechanganyikiwa. Nimewahi kuvumilia makubwa kuliko mdomo wa mjomba wako. Mimi si malaika, mwanangu. Ikitokea siku moja mlango ukafunguka na mkono wako ukafika, sitaukataa. Lakini usiishi miaka yako mizuri umegeuza shingo ukitazama kama kamba imekaza. Heri yuko kwangu. Cherehani iko, na macho yangu bado yanaona tundu la sindano nikivaa miwani.

Na gari, nunua unalolitaka. Mimi, kwa kuwa ni mama na ni mwoga, moyo wangu unasema nyeupe. Binamu yako aliyetangulia huko alinieleza kwa simu kwamba barafu ikitanda, yale ya kusukuma yanazunguka kama pia, na kwamba kila msimu wa baridi watu wanabadilisha matairi. Badilisha matairi. Nilisema sitatoa maagizo, hilo limeniponyoka. Jifunzie kwenye lile la kuvuta, kama utakubali. Lakini ikifika siku ukaiona nyekundu imesimama mahali, ya bei ya kuungaunga, milango miwili, ingiza mkono chini ya zulia, uguse. Ukikuta nundu, inunue, na usimwombe mtu ruhusa. Uisikie hiyo volan aliyokuwa anaisema Papa. Yeye aliiendesha miezi michache tu, na nilikuwa sijawahi kumwona mtu akifurahi hivyo kwenda kununua mkate.

Ule mto mwekundu nimeukuta chini ya vitambaa vyangu. Nimeutia kwenye sanduku lako, upande wa viatu. Umekuwa mrefu, huuhitaji tena, lakini sitaki ubaki hapa ukinitazama.

Kwaya imenyamaza. Nitakusikia sasa hivi ukija, unavyoburuta hizo ndala zako, kwa hiyo nimalize.

Kesho basi litawaka lenyewe, halihitaji mikono yangu. Ila mimi nitakuwa nyuma yake, mahali pa Papa. Ukitazama kwenye kioo cha nyuma utaniona. Nimepanga kusimama wima, na kitenge cha bluu, nikipunga mkono kama mwanamke mwenye heshima. Nimejizoeza leo hapa ndani, Heri amenicheka. Lakini najijua. Huenda utakapotazama utaniona nimechuchumaa katikati ya njia.

Ukiniona hivyo, usimwambie dereva asimame. Siku ile ulisimama kwa huruma nikakutukana, na wewe ndiwe uliyekuwa umeona sawasawa. Nisamehe hiyo, binti yangu, mama yangu mdogo. Kesho utaona, najua kwamba utaona, na mimi pia nimekuona. Nitainuka, nitajipangusa, nitamshika Heri mkono twende nyumbani.

Ikiwaka, enda.

Mama yako